Mfinyanzi wa Arita na sahani za Imari



Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea habari ya sahani. Msicheke kwanza! Ni sahani za kauri za Japani ziitwazo Imari: nyeupe, zenye maua ya buluu, nyekundu na dhahabu.

Kati ya mwaka 1592 na 1598 majeshi ya Japani yalivamia Korea mara mbili. Yaliporudi kwao yalichukua watu kwa nguvu, wakiwemo wafinyanzi wengi. Mmoja wao ni Yi Sam-pyeong, aliyepelekwa kisiwa cha Kyushu. Wakati ule Wajapani walikuwa hawajajua kutengeneza kauri nyeupe. Walikuwa wakiinunua nje. Yi hakuwa na mali, lakini ufundi wake alikuwa nao. Inasimuliwa kwamba mnamo 1616 aligundua mawe meupe yanayofaa katika mlima Izumiyama, huko Arita. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Kazi yenyewe iko hivi. Mawe yanasagwa yawe unga, unakandwa na maji, halafu unafinyangwa. Chombo kikishachomwa, kinachorwa kwa buluu, kinapakwa majimaji yanayogeuka kioo motoni, kisha kinachomwa tena kwa nyuzi 1,300 hivi. Nyekundu na dhahabu hazivumilii moto huo. Zinapakwa mwishoni na kuchomwa kwa moto mdogo.

Vyombo vilipakiwa melini katika bandari ya Imari, ndiyo maana vikapata jina hilo. Kuanzia 1659 Waholanzi waliviagiza kwa wingi na kuvipeleka Ulaya, kwa sababu vita vilikuwa vimevuruga biashara ya kauri ya China.

Yi alifia huko huko Arita. Mwaka 1917 wenyeji walimjengea mnara wa kumbukumbu juu ya kilima, na mpaka leo wanamheshimu.

Hatusemi kuchukuliwa kwa nguvu ni jambo jema, hata kidogo. Tunasema hivi: ufundi haubebwi kichwani kama mzigo, na hakuna anayeweza kukunyang'anya njiani. Lakini usipofundishwa, unakufa na mwenyewe.

Basi mama, baba, wewe ulikuja na ufundi gani? Kushona? Kusuka vikapu? Kufinyanga chungu? Jioni hii mwite mtoto, akae karibu, aangalie mikono yako. Na kesho mwache ajaribu mwenyewe, hata akiharibu.