Miezi Kumi na Miwili, Wanyama Kumi na Wawili

Asubuhi moja mama mjamzito aliletwa kliniki na mkwewe kutoka kijiji cha kusini mwa Unguja. Bibi yule alikuwa na hofu. "Mwanangu, mke wa kijana wangu amepitiliza. Miezi tisa imetimia tangu wiki iliyopita." Nyumbani walikwisha kumchemshia dawa ya miti ya kuleta uchungu. Bahati njema alikuwa hajainywa.

Nilitazama kadi. Hakuwa amepitiliza. Bibi alihesabu kwa mwezi mwandamo, mfungo mosi, mfungo pili, kama alivyofundishwa na mama yake. Mwezi huo una siku 29 au 30, hivyo miezi tisa ni siku kama 266. Lakini mimba, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huchukua siku 280 hivi. Wiki nzima ilikuwa bado. Dawa ile ingeweza kumdhuru mama na mtoto.

Bibi hakukosea kuhesabu. Ila kalenda yake na ya kliniki hazikuwa zimekutana kwenye karatasi moja.

Tulivyoanza vibaya

Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilikuwa tayari kimejaribu biashara ya kalenda. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na sisi wauguzi tumezoea kuona kalenda zao zenye picha. Kwao kila mwaka una mnyama wake, nao ni 12: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, kima, jogoo, mbwa na nguruwe. Mwaka ulioanza tarehe 29 Januari 2025 ni wa nyoka, na unaoufuata ni wa farasi.

Tuliwachora wote tukazipeleka kalenda Darajani. Mwenye duka mmoja alifunua kurasa kwa heshima, akafika kwa nguruwe. "Dada, kazi nzuri, lakini hii sitaweza kuitundika." Nyingi zilirudi nyumbani. Tena baadhi ya wanunuzi walituuliza bahati ya mtoto aliyezaliwa mwaka wa nyoka. Hapo tuliona haya, kwani sisi si wapiga ramli. Tabia ya mtoto hulelewa. Haiamuliwi na mnyama wa mwaka.

Wanyama wa kwetu

Baada ya kisa cha yule bibi tulianza upya. Tulichagua wanyama wanaojulikana Unguja, mmoja kwa kila mwezi: kima punju wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, kobe wakubwa wa Changuu, paa nunga, komba, kasa, pweza, kaa, punda, ng'ombe, mbuzi na jogoo.

Tarehe za kawaida tuliziandika kubwa, na pembeni, kwa herufi ndogo, tarehe za mwezi mwandamo. Tulitia alama siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maana wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani huzingoja maji yatoke mbali. Hata Pasaka yetu hufuata mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baadaye. Chini tuliacha nafasi ya kuandika siku ya kliniki, chanjo na hedhi.

Ukitaka kujaribu

Chora kwa wino mweusi, mchapishe kwa rangi moja, kisha mpake rangi kwa mkono. Gharama hupungua.

Watu wawili wakague tarehe kabla ya kuchapa. Andika pia kwamba tarehe za mwandamo zaweza kutofautiana kwa siku moja, kwa sababu hutegemea kuonekana kwa mwezi.

Pelekeni sampuli madukani na mchukue oda kwanza. Kazi iwe imetoka mtamboni kufikia Oktoba. Kalenda iliyobaki Februari hufungiwa karanga.

Zaidi ya yote, muulizeni mnunuzi anahesabu nini nyumbani kwake kabla hamjashika kalamu.

Yule mama alijifungua salama siku tisa baadaye. Tulimpelekea bibi kalenda. Nilipomtembelea nilikuta kaitundika karibu na kitanda cha mkaza mwanawe, na tarehe ya chanjo ya mjukuu kaizungushia duara kwa mkaa.