Maharage kwa umeme, chapati kwa gesi

Kila bei ya mtungi inapopanda, vijiweni na kwenye daladala huulizwa swali moja: si tuna gesi yetu Songosongo, mbona ya kupikia ni ghali? Swali ni la haki, na jibu lake linagusa hesabu nzima ya jikoni. Gesi iliyogunduliwa Songosongo mwaka 1974, pamoja na ile ya Mnazi Bay huko Mtwara, karibu yote ni methani. Iliyomo kwenye mtungi ni propani na butani, ambazo zikishindiliwa kidogo tu hugeuka kimiminika, ndiyo maana zinabebeka kwa bodaboda. Hiyo huletwa na meli na kununuliwa kwa dola. Methani ya Songosongo kwa sehemu kubwa huishia kwenye mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, ikazalisha umeme. Kwa hiyo mama wa Tabata anayechomeka jiko lake ukutani ndiye hasa anayepikia gesi ya nchini, pamoja na maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115.

Lakini umeme si "unakula" uniti? Imani hiyo imeota mizizi, na ilikuwa na sababu zake. Wengi waliujua upishi wa umeme kupitia jiko la koili lililowekewa sufuria nyembamba ya alumini yenye kitako kilichobonyea. Sehemu kubwa ya kitako haigusi koili, joto linapanda hewani, na mwisho wa wiki LUKU inalia.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 12.7 za umeme. Jiko la kawaida la gesi hufikisha kwenye chakula kama nusu yake tu. Nusu nyingine hupita pembeni mwa sufuria na kupasha jikoni. Mtungi wa kilo 15 ukijazwa kwa shilingi 57,000, kilo imesimama kwa 3,800, na kila uniti ya joto iliyoingia kwenye chakula imegharimu karibu shilingi 600. Upande wa umeme, mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inakuwa kama 356. Koili nzuri, yenye sufuria inayokaa sawasawa, hufikisha asilimia 70 hivi: shilingi 510 kwa uniti iliyoingia chakulani. Jiko la indaksheni hufikisha karibu asilimia 85, yaani shilingi 420. Bei za mtungi hutofautiana mji kwa mji, lakini gesi ingeshuka hadi shilingi 3,000 kwa kilo bado isingeishinda indaksheni.

Walio kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, wana mtego wao. Uniti 75 za kwanza za mwezi huuzwa kwa shilingi 100, na zinazozidi kwa 350, kabla ya kodi na tozo. Familia iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa taa, televisheni na friji ikianza kupikia koili kila mlo, itavuka mstari huo mapema, na kuanzia hapo koili itakuwa ghali kidogo kuliko mtungi. Kwa familia ya namna hiyo, umeme utumike pale unapookoa zaidi.

Na unaookoa kuliko vyote ni wa presha kuka ya umeme. Maharage makavu yasiyolowekwa huchemka saa mbili kwenye gesi. Moto wa kilowati moja na nusu kwa muda huo unakula gesi ya kama shilingi 900, na mpishi lazima arudi kila mara kuongeza maji. Presha kuka imefunikwa kama chupa ya chai, na ndani yake maji yanapita nyuzi 100 kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Ikishapata moto hujizima, hujiwasha kidogo, hujizima tena. Sufuria hiyo ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Makande, kunde, utumbo na supu ya kongoro vinafuata njia hiyo hiyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba tangu serikali izindue mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nishati safi machoni pa wengi imekuwa na sura ya mtungi peke yake.

Chapati ni habari nyingine. Zinataka moto unaopanda na kushuka papo hapo, na gesi hapo haina mpinzani isipokuwa indaksheni. Ugali nao husongwa kwa nguvu, sufuria ikishikiliwa na kuyumbishwa. Juu ya kioo cha indaksheni kazi hiyo inatia hofu, na sufuria ikinyanyuliwa tu jiko linakata moto. Zaidi ya hayo, indaksheni haipashi alumini, na alumini ndiyo iliyojaa kabati za Waswahili. Anayeenda kununua sufuria zake aende na kipande cha sumaku, hata cha spika mbovu: kikinasa kwenye kitako, itafaa.

Usalama una pande mbili pia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni na kutambaa hadi chumba cha pili. Harufu ikisikika, mtungi ufungwe, mlango ufunguliwe, swichi yoyote isiguswe. Mpira na rigyuleta vipakwe povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Kuulaza mtungi ili kumalizia ya mwisho ni hatari kubwa, kwani kimiminika chenyewe huingia kwenye mpira. Tena mwali wa gesi, hata wa bluu safi, hutengeneza naitrojeni dioksidi, ambayo kiwango chake cha mwaka Shirika la Afya Duniani lilikishusha mwaka 2021 kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo. Dirisha la jikoni lifunguliwe, hasa penye mtoto mwenye pumu. Anayetoka kwenye mkaa bado amepiga hatua kubwa mno.

Kwa umeme, hatari ipo kwenye ekstensheni. Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na waya mwembamba wa dukani huanza kulainika taratibu huku plagi ikibadilika rangi. Jiko lichomekwe ukutani moja kwa moja.

Kikwazo kigumu kuliko vyote hakimo kwenye nishati yenyewe. Manzese au Tandika, vyumba sita vinachangia LUKU moja, kila mpangaji anatoa kiasi sawa, na sharti la kwanza la mwenye nyumba ni kwamba jiko la umeme ni marufuku. Sharti hilo lina haki yake, maana jirani hawezi kulipia maharage ya mwenzake, lakini linawafunga kwenye mtungi na mkaa wale ambao presha kuka ingewafaa zaidi. Mita ndogo ya kila chumba inaumaliza ugomvi huo. Wanaojenga nyumba za kupangisha Chanika, Kigamboni na Goba wanaweza kuiweka sasa, pamoja na soketi ya jikoni yenye waya wake mnene, kabla ukuta haujapigwa plasta.