Watazamaji wengi, wanunuzi haba: biashara ya simu kutoka Malindi hadi Mtwapa

Samaki anayeteremshwa bandarini Malindi siku hizi huonekana kwenye simu kabla hajafika kwenye mizani. Picha ya kolekole au changu huingia kwenye grupu la WhatsApp, bei ikatajwa kwa sauti iliyorekodiwa, na anayewahi kujibu ndiye mwenye samaki. Madera huuzwa hivyo hivyo, na embe za Magarini, na viwanja vya Mambrui, na nyumba za kupangisha wageni Watamu. Mtindo huu ulikuwapo kabla ya korona, lakini hoteli zilipofungwa 2020 na wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu, wengi ndipo walipoanza kuuza kwa simu kila siku, na hawajaacha.

Kinachobishaniwa ni faida. Ukisikiliza hotuba za maofisa, uchumi wa kidijitali ndio unaoishika pwani mkono wakati utalii unayumba. Ukikaa na wanaouza, unasikia kwamba mauzo yameongezeka kidogo na gharama ya kuuza imeongezeka zaidi, na kwamba gharama hiyo imehamia kwa muuzaji bila mtu kuitangaza.

Takwimu zinazonukuliwa zaidi ni za laini. Kwa miaka kadhaa sasa laini za simu nchini Kenya zimezidi idadi ya watu, na hilo husomwa mikutanoni kama ushahidi kwamba kila mtu ameunganishwa. Muuzaji yeyote wa hapa anajua kwamba laini si mtu. Ana moja ya kupokea pesa na nyingine ya kuunga bando la bei nafuu. Sensa ya 2019, ambayo iliuliza watu badala ya kuhesabu laini, ilikuta asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka 3 na zaidi wakitumia intaneti. Kati ya waliotimiza miaka 15, waliowahi kutafuta na kununua kitu mtandaoni walikuwa asilimia 4.3. Kaunti ya Kilifi ilihesabiwa na watu 1,453,787 mwaka huo. Mengi yamebadilika tangu hapo, bila shaka, ila pengo lile kati ya kuingia mtandaoni na kununua mtandaoni ndilo ambalo wauzaji wanalilalamikia mpaka leo.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika kwa utafiti wa 2023 wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza, uliowaweka Wakenya mbele ya mataifa mengi kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa. Waliohojiwa walikuwa watu ambao tayari wako mtandaoni na wanaojibu kwa Kiingereza. Mchuuzi wa Marafa anayetuma sauti kwa Kigiriama hakuwamo. Hata hivyo asilimia hiyo imekuwa ikirudiwa kila penye semina ya vijana na biashara, na huenda kuna waliokopa kununua taa na vishikizo vya simu kwa kuiamini.

Mama karanga mmoja wa Malindi, kati ya wanawake wanaonunua samaki bandarini na kuwakaanga au kuwasafirisha, alikubali kutueleza hesabu zake kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe. Anauza kupitia magrupu na kwa kuweka picha kwenye stetasi. Lalamiko lake la kwanza ni watazamaji. Picha ya nguru hutazamwa na wengi. Wanasifu, wanauliza bei, wanasema inshallah, na jioni walionunua ni wale wale waliokuwa wakija kwa miguu tangu zamani. La pili ni bei yenyewe. Mteja wa Mtwapa aliyeona bei ya bandarini kwenye simu hataki kusikia habari ya barafu, kasha na nauli ya mzigo kwenye matatu. Anataka bei ya Malindi mlangoni pake. Zamani gharama hizo zilikuwa ndani ya bei na hakuna aliyeziuliza. Sasa kila shilingi inaonekana na inagombaniwa, na inayokosa mwenyewe hulipwa na yeye.

Lililomkera zaidi, na alilirudia mara kadhaa, ni pesa kurudi zilikotoka. Mteja mpya anaagiza na kutuma pesa kwa simu, ujumbe unaingia, kasha linapakiwa. Gari likishapita Gede, mteja anaiomba kampuni ya simu imrudishie pesa akidai alikosea namba. Kiasi kinachodaiwa kinazuiwa, muuzaji anaulizwa, na mvutano unaanza huku samaki wakiwa njiani. Auzaye viatu anaweza kusubiri siku mbili tatu ukweli ujulikane. Mwenye samaki hana muda huo. Alipompigia mteja, simu ilikuwa imezimwa. Siku hizi akipokea pesa za mtu asiyemjua hukimbilia kwa wakala kuzitoa kabla gari halijaondoka stendi, na ada ya kutoa inatoka kwenye faida yake. Usiku anazirudisha tena kwenye simu ili alipie samaki wa kesho. Ukijumlisha ada za mwezi mzima, anasema, zinakaribia kodi ya chumba anachoishi.

Ofisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo katika kaunti, ambaye naye hakutaka kutajwa, alisema visa hivyo ni vichache na kwamba utaratibu wa kurudisha pesa upo kuwalinda wananchi. Ni kweli unamlinda aliyekosea namba. Tulipomuuliza ni vichache kiasi gani, hakuwa na idadi, na wala hakujua ofisi iliyo nayo. Wauzaji wengine wa samaki na madera tuliozungumza nao walikuwa na kisa cha aina hiyo, chao au cha jirani. Hilo si sampuli ya kitaalamu, lakini linatosha kuitilia shaka kauli ya ofisa.

Kuna jambo jingine alilolieleza mama huyo ambalo lina uzito kuliko ulaghai, nalo ni la tajiri. Katika fukwe hizi tajiri ndiye anayemkopesha mvuvi nyavu, mashine, hata pesa za matibabu, na mvuvi akirudi baharini samaki ni wa tajiri kwa bei ya tajiri. Simu ilitarajiwa kulegeza fundo hilo. Wachumi hupenda kutaja utafiti wa wavuvi wa sardini wa Kerala, India, uliochapishwa 2007: simu za mkononi zilipofika, wavuvi walipiga kuuliza bei wakiwa bado baharini, wakaenda kwenye soko lenye wanunuzi, bei zikakaribiana na samaki wakaacha kutupwa. Mfano huo umenukuliwa sana Afrika Mashariki na watu wanaotafuta fedha za miradi. Malindi mvuvi anaijua bei ya Mombasa vizuri kabisa, kwa sababu inaletwa mkononi mwake kila asubuhi. Kumjua mnunuzi wa mbali hakumfutii deni. Tena tajiri naye yumo kwenye grupu. Anaona nani ametangaza nini, na anayejaribu kuuza pembeni huulizwa siku hiyo hiyo. Kwa hesabu ya mama huyu, simu imemsaidia zaidi mwenye mtaji aliyekuwa mbele tangu mwanzo. Sina sababu ya kutomwamini.

Bando nalo lina sehemu ambayo muuzaji hawezi kuipunguza hata angebana vipi. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu na intaneti ulipandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2018, ukafika asilimia 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Juu yake hupandishwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo vya 2023, katika kila shilingi 100 za bando karibu 25 ni kodi. Punguzo la mwaka huo lilisifiwa kama zawadi kwa vijana wa mtandaoni, lakini sheria iyo hiyo ilipandisha ushuru wa ada za kutuma pesa kutoka asilimia 12 hadi 15, ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wanaolipwa kwa maudhui ya mtandaoni, na kuifanya kodi ya mauzo kuwa asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kwa anayelipwa kwa simu kila mauzo, nafuu ya bando ilimezwa na ada.

Simu zenyewe zilikuwa ziwe rahisi. Zile zilizoanza kuunganishwa Athi River 2023 zilikuwa zimeahidiwa kwa dola 40; zilipotoka, ya bei ya chini ilikuwa shilingi 7,499, takriban dola 50 kwa wakati huo. Wengi wanaendelea na simu za mkopo za kulipia kidogo kidogo kila siku, ambazo hujifunga malipo yakikosekana. Kusi likivuma na boti zisipotoka, muuzaji anakosa samaki na simu inafungwa siku zile zile ambazo angehitaji kutafuta kitu kingine cha kuuza.

Bei hiyo ya bando ndiyo sababu wifi za mtaani zimeshika Maweni, Kisumu Ndogo na kwingineko. Kijana analipia laini moja ya faiba na kuigawia nyumba za jirani kwa shilingi 10 au 20 kwa muda mfupi. Wengine hufanya hivyo bila leseni na wanajua wanaweza kufungiwa wakati wowote. Kwa maoni yangu vijana hawa wamefikisha intaneti kwa maskini wa miji hii haraka kuliko mradi wowote wenye bango, na wangestahili leseni nafuu badala ya kufukuzwa.

Mpango wa serikali unajulikana: kilomita 100,000 za faiba, vituo 25,000 vya wifi ya bure na kituo cha kidijitali katika kila moja ya wadi 1,450 za nchi. Ukigawa wifi hizo sawa kwa sawa, kila wadi ingepata 17, na Kilifi yenye wadi 35 ingepata karibu 600. Ofisa tuliyezungumza naye alisema kazi inaendelea vizuri. Hakutuonyesha orodha ya vituo vinavyofanya kazi leo katika kaunti, na wafanyabiashara wa Malindi na Kilifi mjini walipotajiwa wifi ya sokoni walisema hushika asubuhi na kuelemewa mchana, watu wanapojaa. Ganze hata swali lenyewe lilionekana geni. Na Ngomeni, ambako setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988, ikiwemo ile ya Uhuru ya 12 Desemba 1970 iliyokuwa ya kwanza duniani kutengewa astronomia ya eksirei, wavuvi wanasema wakitoka kidogo tu baharini mtandao unapotea. Jambo hilo linauma.

Hata palipo na mtandao, haumtegemei muuzaji. Nyaya za chini ya bahari zimekuwa zikifika Mombasa tangu 2009, umbali wa saa chache kutoka Malindi, lakini nyaya mbili zilipokatika karibu na Afrika Kusini tarehe 12 Mei 2024, oda za hapa zilikwama pamoja na za Kampala na Dar es Salaam. Mwezi uliofuata, wakati wa maandamano ya Juni 25, intaneti ilidorora tena nchi nzima. Hakuna aliyefidiwa.

Wenye nyumba za wageni wana hesabu tofauti kidogo. Malindi ilizoea Waitaliano walioletwa kwa ndege za kukodi, hoteli na matembezi vikiwa vimelipiwa huko huko kwao. Ndege hizo zilipopungua, mwenye nyumba ya Watamu aliingia kwenye tovuti za kupangisha, na kijana wa ufuoni anayezungumza Kiitaliano akaweka safari zake za Mida kwenye Instagram. Wote wawili wanakiri kwamba wanapata wageni ambao zamani wasingewafikia. Wote wawili wanalalamika kwamba tovuti hukata sehemu ya malipo na kwamba mgeni mmoja aliyekasirika anaweza kuharibu msimu mzima kwa maneno machache.

Matumizi yanayokua bila kelele ni ya sauti. Mauzo mengi ya vijijini hayaandikwi tena; yanasemwa, kwa Kiswahili au Kigiriama, na hilo limewaingiza sokoni wanawake ambao maandishi yaliwaweka nje. Simu za Ghuba nazo zinalipia mengi: binti aliye Saudia au Oman huzungumza na mamake kwa programu ya imo, anaona dera kwenye stetasi ya jirani, anamlipia. Wauzaji wa madera wa Malindi wanasema wateja wa aina hii ndio wanaolipa bila kubishana.

Kuhusu miezi ijayo, kaskazi na wageni wake vikija kama kawaida, mauzo ya simu yatapanda, na kila ofisi itadai sifa. Ikiwa ushuru wa bando utapandishwa tena, kama ulivyokuwa umependekezwa katika mswada wa fedha wa 2024 kabla haujaondolewa, wauzaji wadogo wanasema watapunguza picha na kurudia kupiga simu. Mama karanga wa Malindi hajasubiri. Amejitoa kwenye baadhi ya magrupu na kubakiza wateja wa Malindi na Watamu anaoweza kuwafikia kwa bodaboda na kulipwa mkononi. Wa Mombasa waliobaki ni wachache aliouziana nao muda mrefu, na hao bado anawapakilia kasha asubuhi.