Tawaifu na Taifa

Katika mji wa Lucknow, kaskazini ya India, walikuwako zamani wanawake walioitwa tawaifu. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, nalo ni wingi wa neno lile lile lililotupa sisi Waswahili neno taifa. Maana yake ya kwanza ni vikundi vya watu. Lugha ina mzaha wake, na mzaha huu unauma, kwa kuwa habari za wanawake hao ni habari za watu waliolitumikia taifa lao, kisha wakaambiwa kwamba hawamo.

Mtu akitafuta neno la Kiswahili la kuwaitia atashika "kahaba" au "malaya", na yote mawili yatampoteza. Tawaifu alifundishwa tangu utoto kuimba, kucheza, kutunga mashairi ya Kiurdu, na kuzungumza na wakubwa bila ya kukosea neno. Mabwana wa Lucknow waliwapeleka vijana wao nyumbani kwake wakajifunze adabu: namna ya kusalimu, ya kuketi, ya kusikiliza shairi. Ni kweli kwamba alikuwa na bwana wa kumtunza, na kitanda kilikuwamo katika mapatano. Hatutaki kuwapamba kwa uwongo. Wala si wote waliokwenda kwa hiari. Mirza Hadi Ruswa, katika riwaya yake Umrao Jan Ada iliyotoka mwaka 1899, alieleza habari za msichana aliyeibwa kwao akauzwa katika nyumba ya namna hiyo. Hata hivyo nyumba ile ilikuwa mali ya wanawake, iliongozwa na mwanamke mzee, na ndiyo mahali pachache katika nchi ile ambapo mtoto wa kike alipozaliwa watu walifurahi kuliko alipozaliwa wa kiume.

Mwanahistoria Veena Talwar Oldenburg, katika makala aliyoitoa mwaka 1990, alieleza jinsi alivyowakuta wanawake hawa mahali asipowatazamia: katika daftari za kodi za mji wa Lucknow za miaka ya 1858 mpaka 1877. Waliandikwa kuwa ni wachezaji na waimbaji, nao walikuwa katika daraja la juu kabisa la walipa kodi. Walikuwa na majumba, mashamba ya miti ya matunda, na maduka. Tena akayakuta majina yao katika orodha nyingine, ya watu walionyang'anywa mali na Waingereza kwa sababu ya kuwasaidia wapiganaji katika vita vya mwaka 1857.

Vita hivyo vilikuwa na sababu yake. Mwaka 1856 Waingereza walimwondoa Wajid Ali Shah katika kiti chake cha ufalme wa Awadh, wakaitwaa nchi. Mwaka uliofuata watu wa Lucknow waliposimama, aliyewaongoza alikuwa mkewe, Begum Hazrat Mahal, mwanamke asiyekuwa na ukoo mkubwa, aliyefundwa miongoni mwa waimbaji na wachezaji wa jumba la mfalme. Alimtawaza mwanawe mdogo, akapigana, akashindwa, akakataa posho ya Waingereza, akafia ugenini Kathmandu mwaka 1879.

Washindi walilipa kisasi kwa njia ya pekee. Askari wao walikuwa wakiugua maradhi ya zinaa, basi zikatungwa sheria za mwaka 1864 na 1868 za kuwaandikisha wanawake na kuwapima kwa nguvu. Maofisa waliweza kuwachagua wazuri katika nyumba za tawaifu wakawahamishia karibu na kambi za jeshi. Hivyo ndivyo mwanamke aliyewafundisha adabu watoto wa mabwana alivyogeuzwa kuwa chakula cha askari, kisha akalaumiwa kwa kuliwa. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi darini kwake, na jina lake likaandikwa katika ukoo wa Bwana Yesu. Waliotunga sheria zile walikisoma kitabu hicho hicho.

Lakini mkoloni tunamjua. Linalotupasa kulitazama zaidi ni jambo la wazalendo. Katika miaka ya 1920, matawi ya Congress huko Bengal yalianza kuwapokea wanawake wa kazi hii, nao wakafanya kazi ya chama. Gandhi, ambaye alikwisha kutana nao mjini Barisal mwaka 1921 na kuwahurumia, aliandika katika gazeti lake mwaka 1925 kupinga jambo hilo: waache kwanza kazi yao, ndipo waingie. Mtu mkuu alikuwa na hoja yake, wala hatumdharau. Ila mwenye kukiandikia chama hawezi kulipita swali hilo macho yamefumba. Hapa kwetu, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma ya Bomba, aliitafutia TANU wanachama kwa kupitia vyama vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam. Humo walikuwamo wapika pombe na wauza maandazi, na wako waliojiona waungwana ambao waliwacheka. Waliokata kadi ni wale waliochekwa.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, idhaa ya serikali ilifunga mlango wake kwa mwimbaji yeyote ambaye maisha yake ya nyumbani yalihesabiwa kuwa ni aibu mbele ya watu. Tukumbuke ni sauti za nani zilizokuwa za kwanza kutiwa katika santuri nchini humo. Mwaka 1902 Kampuni ya Gramophone ilimrekodi Gauhar Jaan wa Calcutta, naye alikuwa tawaifu. (Siti binti Saad wetu, aliyekuwa mtu wa mwenendo mwingine kabisa, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodiwa na kampuni hiyo hiyo; njia aliyopita ilikwisha limwa na wengine.) Akhtari Bai wa Faizabad, ambaye mama yake alikuwa tawaifu, aliolewa na wakili mwaka 1945, akanyamaza miaka kadha, na mwaka 1949 akarudi redioni Lucknow kwa jina la Begum Akhtar. "Bai" ilikuwa alama ya kazi. "Begum" ni bibi wa nyumbani kwake. Koo ni lile lile, lakini taifa lilipendelea kulisikia likiwa limevaa jina jipya.

Na leo? Mwaka 2024 watu wa dunia nzima waliwatazama tawaifu wa Lahore katika mchezo wa Heeramandi, wamevikwa dhahabu kutoka utosini mpaka kisiginoni. Katika mji ule ule wa Mumbai unaotengeneza michezo hiyo, serikali ya jimbo mwaka 2005 ilipiga marufuku wanawake kucheza ngoma katika vilabu vya pombe. Wengi wao walitoka katika jamaa ambazo kucheza na kuimba ni kazi ya kurithi. Hoteli kubwa za nyota tatu na zaidi hazikuguswa: kiuno kile kile kilikuwa uhuni mbele ya karani na sanaa mbele ya tajiri. Mahakama Kuu ya nchi iliukataa ubaguzi huo mwaka 2013. Jimbo likatunga sheria nyingine, shauri likarudi, na mwaka 2019 majaji wakalegeza masharti: mtazamaji anaweza kumpa mchezaji bakshishi mkononi, ila asimrushie noti. Yaani amtunze kwa adabu, kama tufanyavyo sisi katika taarabu.