Enanga ipigwe maktaba

Mpiga enanga haanzi kuimba mara tu anapoketi. Kwanza hukaza uzi. Enanga ya Wahaya ni mti uliochongwa ukapata umbo la trei ndefu, na uzi mmoja hupitishwa juu yake kwenda na kurudi, kutoka ncha moja hadi nyingine, mpaka zipatikane nyuzi saba au nane zenye sauti tofauti. Akiridhika na sauti huzichezea kidogo kwa vidole, watu wakanyamaza, ndipo anapoingia kwenye kisa: cha Rukiza, cha Kachwenyanja, au cha Mugasha mwenye ziwa na dhoruba. Wasikilizaji nao wana kazi yao. Huitikia kibwagizo na kumpa moyo, na anayekijua kisa humkumbusha akiruka jambo.

Sanaa hii ilipigwa mbele ya abakama, watawala wa Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na himaya nyingine za Buhaya. Ilipigwa pia harusini na kwenye vilabu vya rubisi, pombe ya ndizi. Leo mtoto wa Bukoba au Muleba anaweza kumaliza darasa la saba, akamaliza na kidato cha nne, bila kumwona mpiga enanga hata mmoja. Makala haya yana pendekezo moja: Maktaba ya Mkoa wa Kagera, iliyoko mjini Bukoba, iwe mahali pa kumwona msanii huyo, kumsikiliza, kumrekodi na hatimaye kumsoma.

Nia ya waliotangulia

Wengi wetu tukitajiwa maktaba hujiwa na picha ileile: wanafunzi wa sekondari wameinamia madaftari, wazee wawili watatu wanasoma magazeti, na mkutubi yuko mezani akihakikisha hakuna kelele. Huduma hiyo ina heshima yake. Nyumba nyingi hazina meza wala taa ya kumtosha mtoto kusomea, na meza ya maktaba imewavusha vijana wengi kwenye mitihani. Lakini waliojenga huduma za maktaba nchini walikuwa na nia pana zaidi.

Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru. Kabla ya hapo East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ndiyo iliyokuwa ikiwapelekea wasomaji vitabu kwa masanduku na kwa posta. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, na huduma ikaendelea kusambaa mikoani. Sheria ya mwaka 1975 ikaipa Bodi majukumu zaidi, yakiwamo kushiriki katika kufuta ujinga na kuamsha hamu ya wananchi kwa fasihi ya Tanzania. Fasihi hiyo haikuanzia kwenye karatasi. Kwa Wahaya ilianzia kwenye enanga, kwenye ebyebugo, yale majigambo ya mashujaa, na kwenye hadithi za bibi wakati ndizi ziko jikoni.

Mkoa huu una historia ya pekee katika jambo hili. Kati ya mwaka 1968 na 1972, ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi, yaani shughuli zao wenyewe. Baadaye likaja gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda, na maktaba za vijiji zikafuata. Mtu hushika kitabu kwa hamu akikuta ndani yake mambo ya kwao. Hilo lilijulikana nusu karne iliyopita, na linafaa kuongoza maktaba zetu hata leo.

Yaliyoandikwa yako mbali na wenyewe

Kagera haina uhaba wa maandishi kuihusu. Mwaka 1910 Mjerumani Hermann Rehse alichapisha mjini Stuttgart kitabu kizima juu ya Kiziba na watu wake. Mmoja wa waliompa habari alikuwa Francis Xavier Lwamgira, ambaye baadaye aliandika mwenyewe, kwa Kihaya, historia ya Kiziba na wafalme wake, Amakuru ga Kiziba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Peter Seitel alikaa Buhaya akirekodi hadithi, na mwaka 1980 akazitoa katika kitabu See So That We May See, jina alilolichukua kwenye maneno ambayo wasikilizaji wa Kihaya humwitikia msimuliaji.

Kisha kuna Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwandishi na mshairi wa Kiswahili aliyetoka Kagera. Mwaka 1970 mtaalamu Ruth Finnegan alikuwa ameandika kwamba utendi si fani inayojitokeza sana Afrika. Mulokozi akarudi kwao, akawarekodi wapiga enanga, akachambua namna wanavyotunga na kuimba, na mwaka 1986 akakamilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu juu ya tendi hizo. Mabishano ya dunia nzima kuhusu tendi za Afrika yalipata sehemu ya jibu lake kwenye vijiji vya Bukoba na Muleba.

Sasa mwulize mwanafunzi wa kata ya Kaagya, katika Wilaya ya Bukoba, au wa Kamachumu kule Muleba, atavisoma vitabu hivyo wapi. Kimoja ni cha Kijerumani, kingine ni cha Kiingereza, na tasnifu iko chuoni Dar es Salaam. Mtafiti wa ng'ambo anaweza kuvipata kwa urahisi kuliko mjukuu wa mzee aliyeimba. Kazi ya kwanza ya maktaba ya mkoa, kwa maoni yangu, ni kuvitafuta vitabu hivi kimoja kimoja, kuviweka kwenye rafu moja yenye jina la Kagera, na kuwaalika wanaoweza kuvisimulia kwa Kiswahili wavisimulie hadharani.

Wakati hautungoji

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliotambuliwa nchini walionekana hapa Kagera, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata iliwaondoa baba na mama kwa maelfu. Tumezoea kuhesabu yatima na mashamba yaliyobaki bila wenyewe, lakini hata masimulizi yalikosa warithi. Babu alibaki, mjukuu akabaki, na aliyepaswa kupokea kwa mmoja na kumpa mwingine hakuwapo tena.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliliona hilo kwa macho yake. Alikuwa amechimba kijijini Katuruka, Maruku, na kuonyesha kwamba mababu wa eneo hili waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliporudi baada ya miongo kadhaa alikuta wazee wengi aliowahoji wamefariki. Jambo la kutia moyo ni kwamba wanakijiji wenyewe ndio waliochukua hatua. Waliunda kamati, wakawahoji wazee waliosalia, wakarekodi, wakalitengeneza eneo linalohusishwa na mfalme Rugomora Mahe ili wageni na wanafunzi walitembelee. Katika kazi hiyo wanawake wazee, ambao watafiti wa awali hawakuwauliza sana, walionekana kuwa na mengi ya kueleza. Kama kijiji kimeweza, maktaba yenye watumishi waliosomea ukutubi itashindwaje?

Jumamosi moja kwa mwezi

Shughuli yenyewe haihitaji makuu. Maktaba itenge Jumamosi moja kila mwezi, alasiri, saa ambazo wanaojiandaa na mitihani wamepungua. Mpiga enanga aalikwe, alipwe nauli na ujira wake, aketi mbele ya watoto na wazazi, aimbe kisa kimoja. Mkutubi arekodi. Kijana wa sekondari anayejua Kihaya aandike muhtasari kwa Kiswahili, na watoto wa shule ya msingi wachore walichosikia. Mwisho wa siku, sauti, maandishi na michoro hiyo viingizwe kwenye orodha ya maktaba vikiwa na jina la msanii, kijiji chake na tarehe. Kando iwepo meza ya vitabu vya kuazimwa, ili mtoto aliyesikia Rukiza aondoke na kitabu mkononi. Meza hiyo ndiyo inayoifanya shughuli iwe ya maktaba. Bila hiyo tutakuwa tumefanya tamasha kama matamasha mengine.

Kalenda ipo tayari. Februari 21 ni Siku ya Lugha Mama, Aprili 23 Siku ya Vitabu, Julai 7 Siku ya Kiswahili, Septemba 8 Siku ya Kisomo. Lakini Kagera ina tarehe zake pia. Mei 21 ni siku ilipozama meli ya MV Bukoba mwaka 1996, na Septemba 10 ni siku ya tetemeko la mwaka 2016. Wapo walionusurika ambao wangeeleza wakisikilizwa kwa staha. Wapo watu wazima waliokimbia Kyaka wakiwa watoto mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia. Na Novemba, senene wanapoangukia kwenye taa, nani asingependa kukaa na watoto kusikiliza hadithi huku senene wakikaangwa?

Majirani wamekwisha kuanza

Ukivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kufuata barabara ya Masaka, si mbali na mji huo iko Maktaba ya Jamii ya Kitengesa, kijijini kabisa. Ilianza mwaka 1999 kwa sanduku la vitabu, ikapata jengo, na ikawa mahali ambapo wakulima, akina mama na wanafunzi hukutana kusoma kwa Kiganda na Kiingereza. Nairobi, taasisi ya Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imezifufua maktaba za umma za Kaloleni na Makadara. Zilizokuwa zimechakaa zimerudi kuwa na watoto, muziki na masimulizi. Hapa nchini, Baraza la Maendeleo ya Vitabu, BAMATA, liliwahi kuendesha mahema ya usomaji ambamo watoto walisoma, wakaigiza na kuchora walichosoma.

Watakaouliza maswali

Wako watakaosema kelele zitawasumbua wanaosoma. Ndiyo maana nimetaja saa na siku maalumu, na uwanja wa nje unatosha mvua isiponyesha. Wako watakaosema kuimba kwa Kihaya ni kurudisha ukabila. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alikusudia ngoma na nyimbo za makabila ziwe mali ya Watanzania wote. Kagera ni ya Wahaya, Wanyambo, Wahangaza, Washubi, Wasukuma na wengine waliohamia. Kila mwezi uwe na wenyewe, na Kiswahili kiwe lugha ya kuwaunganisha wasikilizaji.

Swali gumu zaidi ni la haki za wasanii. Wazee wengi wamewahi kuimba mbele ya kinasa sauti, mgeni akaondoka, na wao wasisikie tena habari zake. Maktaba isirudie hayo. Msanii aelezwe rekodi itatumikaje, akubali kwa hiari, alipwe, na apewe nakala yake kwenye simu ya mwanawe au mjukuu wake siku hiyohiyo.

Kisha kuna umbali. Kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa una watu karibu milioni 3, na wengi hawafiki Bukoba mjini ila kwa shida. Mama wa Kaagya mwenye shamba la migomba na kahawa hatapanda gari kwenda kusikiliza hadithi. Yeye afuatwe. Sanduku la vitabu na msimuliaji mmoja vinaweza kufika shule ya msingi ya kata siku ya gulio, watoto wakasikiliza, wazazi wakapita kuchungulia, vitabu vikabaki kwa mwalimu hadi zamu ijayo. Halmashauri za Bukoba na Muleba, ambazo tayari zina maofisa utamaduni na maofisa elimu, zinaweza kuchangia usafiri bila kusubiri mfadhili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mkutubi wa mkoa atangaze Jumamosi ya kwanza, hata kama watakuja watu kumi. Madiwani wapitishe fedha kidogo ya nauli na ujira kwenye bajeti ijayo. Na wewe msomaji uliyezaliwa Kagera, popote ulipo, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua kupiga enanga au bibi anayejua hadithi, mpeleke maktaba mwaka huu. Na kama una nakala ya Amakuru ga Kiziba inayopigwa vumbi kabatini, itoe ikasomwe.