Karani na Mashine: Juu ya Kuaminiana na Kusahihishana Kazini

Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika Tanzania. Baadaye Mahakama ikaanza kutumia akili mnemba katika kunukuu na kutafsiri maneno yasemwayo mbele ya hakimu. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, hakimu aliandika ushahidi kwa mkono wake. Na katika mahakama za juu aliusikia kwa Kiswahili, akauandika kwa Kiingereza. Kazi ile ilichosha, wala haifai kuudharau msaada uliopatikana. Lakini yatupasa kuuliza: mtu na mashine wafanyapo kazi moja, mtu aiamini mashine kwa kadiri gani?

Na tutwae mfano wa mambo ya mirathi na ndoa, kama yale yasikilizwayo katika Kituo Jumuishi cha Mahakama huko Temeke. Tuseme shahidi amenena hivi: “Baba mdogo alikuja saa mbili usiku, akamwambia atoke.” Kwa mkazi wa Mbagala sentensi hii ni nyepesi. Kwa mashine ina mitego mitatu. Baba mdogo ni ndugu wa baba, si baba mwenye umbo dogo. Saa mbili usiku, ikichukuliwa kwa hesabu ya Kizungu, yaweza kugeuka saa nane usiku, yaani tofauti ya saa sita. Tena kiambishi -m- hakionyeshi kama aliyeambiwa ni mwanamume au mwanamke, hali Kiingereza hudai tuchague. Mashine itachagua, wala haitasema kwamba imechagua. Na mjane aliyefukuzwa aweza kuandikwa kuwa mwanamume.

Hapo ndipo mashine inapotofautiana na mwenzetu wa kazini. Karani asiposikia vizuri husita, au huuliza, na kusita kwake hutuonya. Mashine huandika kwa ufasaha ule ule, ijuapo na ikisiapo. Kwa hiyo watu hukosea kwa njia mbili: mmoja, akiisha kuona kurasa kumi safi, haisomi ya kumi na moja, mwingine, akiona kosa moja la kuchekesha, huikataa kazi yote. Lililo bora ni kuamini kwa kadiri ya jambo lenyewe. Majina, tarakimu, nyakati na maneno ya udugu yalinganishwe daima na sauti iliyorekodiwa.

Lakini kulinganisha peke yake hakutoshi. Ukimsahihisha mtu umemfundisha. Ukisahihisha ukurasa hujaifundisha mashine. Karani aweza kurekebisha neno lile lile mwaka mzima, na mashine isijue, isipokuwa masahihisho yake yamehifadhiwa na kuwafikia waitengenezao. Huo ndio mrejesho wa kweli. Wataka mambo matatu: daftari la masahihisho, mtu mwenye wajibu wa kuyapokea na kuyajibu, na karani mwenye idhini ya kusimamisha ukurasa wenye shaka, pasipo kulaumiwa kwamba anachelewesha kazi. Wanalugha nao wanaweza kusaidia kwa kuyapanga makosa hayo kwa aina zake.

Yasipofanyika hayo, kosa lililofutwa leo litarudi kesho katika shauri la mtu mwingine, ambaye huenda asimpate karani mwangalifu.