Sarafu Ndogo Katika Somo la Historia: Mfano wa Cavallo ya Napoli

Tufundishapo historia ya Ulaya ya karne ya 15, aghalabu tunataja wafalme na vita, na wanafunzi hukariri tarehe. Siku moja tuliwauliza wanachuo wetu: je, maskini wa mjini alinunuaje mkate wake? Darasa lilinyamaza. Kosa lilikuwa letu, wala si lao. Hapa tunaeleza njia tuliyoifuata baadaye.

Katika Ufalme wa Napoli, kusini mwa Italia, cavalli 12 zilifanya grano moja, grana 10 carlino moja, na carlini 10 dukati moja. Mfalme Ferrante alianza kutoa cavallo mwaka 1472. Kabla ya hapo sarafu ndogo zilikuwa za shaba iliyotiwa fedha kidogo. Mchuuzi hakuweza kutambua kwa macho kiasi cha fedha kilichomo, na waghushi walinufaika. Hasara ilimwangukia asiyemiliki sarafu nyingine. Cavallo ilikuwa ya shaba tupu, hivyo hapakuwa na fedha ya kupunjwa ndani yake. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mfalme. Wa pili ulikuwa na farasi, ambaye kwa Kiitaliano ndiye cavallo, pamoja na maneno ya Kilatini EQVITAS REGNI, yaani haki ya ufalme. Neno hilo la haki lakaribiana kwa sauti na equus, farasi wa Kilatini.

Mwaka 1495 Charles VIII wa Ufaransa aliiteka Napoli, akatoa cavalli kwa jina lake. Kuanzia 1503 ufalme uliwekwa chini ya Hispania, lakini uliendelea na hesabu yake ya fedha.

Somo lifuate hatua hizi:

1. Wanafunzi wakate vipande vya boksi kuwa sarafu za aina nne.

2. Watafute dukati moja ni cavalli ngapi. (Jibu: 1,200.)

3. Wafungue soko darasani, wauziane vitu vya cavalli 3, 5 na 7.

4. Mwalimu aondoe cavalli zote, soko liendelee.

Katika hatua ya nne ubishi huzuka. Mwenye grano moja tu hulazimika kununua asichohitaji, au kukopa, au kuondoka mikono mitupu. Mwalimu asiharakishe kueleza. Awaache wanafunzi wenyewe waseme ni nani aliyeumia.